Pole Haina Deni

Bahari ya Bamburi, Mombasa, ikipwa, mtu anaweza kwenda kwa miguu mbali sana kuelekea mwambani. Njiani kuna vidimbwi, majani ya baharini, matumbawe yenye makali, na wale viumbe weusi wa miiba ambao mwenyeji huwaona kwa macho na mgeni huwaona kwa unyayo. Vijana wa ufuoni wanapata riziki kwa kuwatembeza wageni huko. Asubuhi moja nilikuwa hatua chache nyuma ya jirani yangu wa mtaa wa Mtambo, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, akimwongoza mama mmoja wa Kijerumani. Mama akateleza, akakaa kitako majini. Jirani yangu akapaaza sauti: "Entschuldigung, Mama! Entschuldigung!"

Yule mama aliinuka, akajipangusa, akamtazama kwa mshangao. Akamuuliza kwa Kijerumani: kwani umefanya nini? Hasira hakuwa nayo. Alitaka kujua tu. Jirani yangu akabaki ameduwaa, kwa sababu hakuwa amefanya kitu. Hata mkono wa mama hakuwa ameushika.

"Kaka," aliniambia tulipokuwa tukirudi, "mimi nimempa pole. Sasa mbona aniuliza nimefanya nini?"

Kumbe pole hakuitoa. Ilimtoka moyoni ikiwa pole, ikafika masikioni mwa mgeni ikiwa kitu kingine, na katikati ya safari hiyo fupi palikuwa na neno la tatu ambalo hakuna aliyelitamka: "sorry". Shuleni alifundishwa kwamba pole kwa Kiingereza ni "sorry". Kijerumani alikiokota kwa wageni na katika kijitabu cha Kiingereza na Kijerumani, na humo "sorry" ikawa "Entschuldigung". Hatua zote mbili ni sahihi, mwalimu yeyote angezipa alama. Lakini hakuna mtoto wa Bamburi anayechanganya pole na samahani, na samahani ndilo neno alilomwambia yule mama. Tofauti aliyoinyonya kwa mamake aliipoteza akivuka daraja la lugha ya watu wengine.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko linavyostahili, pengine. Huwa tunasema neno fulani lina maana nyingi, kana kwamba neno ni kapu na maana ni maembe ndani yake, na kazi ya mfasiri ni kutia mkono achague embe linalofaa. Nadhani picha hiyo ni ya uongo. Mwingereza asiyejua lugha nyingine, anaposema "sorry" kwa kukukanyaga na "sorry" kwa kufiwa kwako, hahisi kwamba anachagua. Kwake ni uchungu mmoja. Hata asili ya neno ni hiyo: lina ukoo na neno la Kiingereza la kidonda. Asemaye "sorry" anasema pana mahali panamuuma. Kama panamuuma kwa sababu amekuumiza, au kwa sababu umeumia tu, neno halisemi. Maana mbili tunaziona sisi tulio ng'ambo, wenye maneno mawili mkononi. Wingi wa maana haukai ndani ya neno. Unazaliwa lugha mbili zinapotazamana.

(Neno la Kijerumani lililozaliwa tumbo moja na "sorry" lipo, nalo ni "sehr". Zamani lilibeba maumivu. Leo maana yake ni "sana". Kijana anayesema "danke sehr" kutwa nzima kwa kuuza madafu anamtaja nduguye "sorry" bila kujua. Undugu wa damu baina ya maneno hausaidii kitu njaa ya maana inapouma.)

Mchezo huu unakwenda pande zote. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953 baada ya kifo chake, aliuliza ni kitu gani hasa kinachoiunganisha michezo yote, ya karata, ya mpira, ya mtoto anayejirushia mpira peke yake ukutani. Neno lake ni "Spiel". Kiingereza kina neno moja la mchezo wenye kanuni na jingine la kucheza hivi hivi, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza anaingia katika swali hilo akiwa amekatwa nusu. Mswahili anaingia mzima, kwa kuwa mchezo ni mchezo, uwe bao, uwe wa kuigiza jukwaani, au watoto wakipiga mbizi pale ufuo wa Pirates. Hapo Kiswahili na Kijerumani vinasalimiana juu ya kichwa cha Kiingereza. Na katika habari ya pole vingeweza kusalimiana vilevile, lau jirani yangu asingepitishwa njia ya mzunguko.

Tulifungue neno la Kijerumani. Tumboni mwa "Entschuldigung" mna "Schuld", nalo kwa Kijerumani ni hatia na pia ni deni. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, mwaka 1887, alijenga hoja nzima juu ya jambo hili: kwamba mwanadamu alianza kudaiwa mali kabla hajajua kujihisi mkosa, na dhamiri yake ni mtoto wa daftari la mkopeshaji. Mimi naona alilivuta neno kupita urefu wake, lakini kwamba harufu ya deni ingalimo, hilo halina shaka. Mwenye kusema "Entschuldigung" anaomba kufutiwa. Wapo Wajerumani washika-lugha wanaokerwa hata na mtu kusema "ich entschuldige mich", kwa kuwa mdaiwa hawezi kujifutia deni mwenyewe; wa kufuta ni mdai. Basi swali la yule mama lilikuwa la haki kabisa. Kijana mzima amesimama majini anaomba afutiwe. Deni gani?

Sasa sikiliza sarufi yetu inavyolipanga jambo hilo hilo. Pole tunatoa. Samahani tunaomba. Hakuna anayeomba pole kwa kosa alilofanya, wala anayetoa samahani kwa kumwonea mtu huruma. Mwenye pole amenyoosha mkono akiwa na kitu ndani yake. Mwenye samahani amenyoosha mkono mtupu. Majibu nayo yanashuhudia. Ukiombwa samahani, utasema nimekusamehe, au haidhuru. Ukipewa pole, mtu wa pwani atajibu: nishapoa. Amepoa. Kumbe hapo hapakuwa na deni, palikuwa na joto, na aliyekuja na pole amekuja na upepo. Ndiyo maana tunampa pole aliyefiwa, aliyeugua, aliyetoka safari, aliyeshinda juani, hata aliyemaliza kazi yake vizuri na akalipwa. Wageni huicheka hiyo ya mwisho. Unampaje pole mtu aliyefanikiwa? Kwa sababu amechoka, basi.

Mjerumani, kwa upande wake, pole anayo vipande vipande. Aliyefiwa anapewa "Beileid", neno zuri, maana yake ni kama kuwa kando ya uchungu wa mwenzio. Mgonjwa anaombewa apate nafuu. "Tut mir leid" ingemfaa jirani yangu zaidi siku ile, ingawa nayo hutumikia mabwana wawili, toba na huruma. Lakini Mjerumani halisi, mwenzake akianguka majini, nadhani angeuliza swali: umeumia? Kwa jua na kwa uchovu wa kazi hana neno lililo tayari. Kwa hiyo jirani yangu alipotaka kutoa, akajikuta anaomba. Fikiria amefanya hivyo mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi. Mgeni akitelezesha mguu, akichomwa na mwiba, ndege yake ikichelewa, kijana wa Bamburi anaomba kufutiwa. Wageni wanarudi kwao wakisimulia kwamba watu wa huku ni wapole mno, wanaomba radhi hata kwa mvua. Upole ule waliupokea. Unyenyekevu wa mdaiwa waliutia wao.

Ajabu ni kwamba njia hii ya mzunguko ilichongwa na Mjerumani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha wamisionari cha Kiingereza. Mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine upande wetu huu wa bara, pale Mkomani, kisha akaenda kukaa Rabai. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, nayo maneno yetu inayaeleza kwa Kiingereza. Yaani mtu aliyewaza kwa Kijerumani alisikia Kiswahili akakiandikia Kiingereza. Kamusi ya moja kwa moja ya Kiswahili na Kijerumani haikuchelewa sana. Ya Mjerumani Büttner ilichapwa mwaka 1890. Lakini Mjerumani alitawala Tanganyika, Kenya ikawa ya Mwingereza, na mtoto wa Bamburi akafundishwa ulimwengu wote kwa Kiingereza, katika jengo ambalo hata jina lake, shule, tumelichukua kwa Wajerumani.

Wenye "sorry" wenyewe wameona taabu yake. Mwaka 2006 jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria kwamba mtu akisema "sorry" baada ya ajali au kosa la kazini, neno hilo lisitumiwe mahakamani kuwa ushahidi wa kukiri. Ontario ikafuata mwaka 2009. Watu walikuwa wameanza kuogopa kupeana pole wasije wakashtakiwa. Bunge zima likaketi, likafanya kwa vifungu vya sheria kazi ambayo pole na samahani huifanya bure.

Lakini neno lenye pande mbili si hasara kwa kila mtu. Jirani yangu lilimbebesha deni lisilo lake. Wapo linaowatua deni lililo lao.

Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba Wakenya waliteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Pauni milioni 19.9 zikatolewa kwa watu 5,228 pamoja na gharama zao. Papo hapo akaeleza kwamba serikali yake bado haikubali kuwa na dhima. Alilipa, akakana deni. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza Nairobi juu ya dhuluma zile zile. Alitaja huzuni kubwa na masikitiko mazito. Maneno ya kuomba radhi hayakuwemo.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba, rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mbele ya jamaa wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji. Yeye aliomba msamaha, kwa neno la Kijerumani lisilo na mlango wa nyuma: "Verzeihung". Tusimvike taji, maana hakuacha ahadi ya fidia. Mmoja ametoa fedha bila kuomba, mwingine ameomba bila kutoa fedha. Hata hivyo wa Songea walijua wameambiwa nini. Sisi wa Kenya tulikaa kubishana kama tumeombwa radhi au hatukuombwa.

Ubishi huo ungeisha haraka kwa Kiswahili. Panda matatu ya Mtwapa saa ya jioni, mtu akukanyage mguu, kisha akuambie "pole". Utamgeukia: pole ya nini, na wewe ndiwe uliyenikanyaga? Pole ni ya mpita njia. Mwenye kiatu huanza na samahani; akishasamehewa, akipenda, atoe na pole. Pole ya mkosaji ikitangulia ni tusi, kwa sababu inamsimamisha mahali pa shahidi. Neno "regret", ambalo Waingereza walilitegemea mara zote mbili, ndilo hasa la kumsimamisha mtu hapo. Kwetu lazima ligawanyike: ama ni majuto, ambayo ni ya mtu kwa tendo lake mwenyewe, ama ni masikitiko, ambayo hata jirani anaweza kuyapata. Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha.

Jirani yangu nimemwambia haya yote, akanisikiliza kwa subira ya mtu anayengoja maji yapwe. Siku hizi mgeni akiteleza humwambia "pole, Mama" kwa Kiswahili, na akiulizwa maana yake humwonyesha kwa mkono, kama anayempepea.

Nanyi mnaofasiri habari za redio na magazeti, nawaombeni jambo moja. Siku kiongozi wa ng'ambo atakapokuja tena kutamka "regret" juu ya waliouawa na walioteswa, msimsaidie kuvuka. Msiandike kwamba ameomba radhi. Andikeni kwamba amesikitika.