Je, Kunyamaza kwa Fundi ni Ghishi?



Ndugu zangu katika imani, nataka tujadili swali lililoanzia kwenye kitu kidogo sana: rimoti ya televisheni ambayo vitufe vyake havifanyi kazi. Fundi anapotengeneza kitu ambacho mwenyewe hajui kilivyo ndani, anawajibika kumweleza nini? Akinyamaza bila kusema uongo wowote, yu salama mbele ya Allah (S.W.)?

Mimi ni mwanafunzi hapa Kyambogo, na rimoti nimezifungua nyingi, za bwenini na za majirani upande wa Banda. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Kampala mwaka 2015, nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya televisheni na ya king'amuzi. Zote zinashikwa na mikono yenye jasho na mafuta ya chapati, zinamwagikiwa chai, zinachezewa na watoto. Kazi hii haiishi.

Ili tulielewe swali, kwanza tuione rimoti ndani. Chini ya vitufe kuna mpira mmoja, na chini ya kila kitufe pana kidonge cheusi cha kaboni. Kidonge hicho hutazamana na bodi iliyochorwa njia mbili za umeme zilizopishana kama meno ya vitana viwili visivyogusana. Ukibonyeza, kaboni inaziunganisha njia hizo, rimoti inatambua ni kitufe gani, kisha inatuma mwanga ambao jicho halioni. Kamera za simu nyingi huuona. Ndiyo maana fundi huelekeza rimoti kwenye simu na kubonyeza kabla ya kufungua chochote.

Vitufe vikigoma, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni uchafu: mafuta ya vidole, soda iliyokauka, hata ute unaotoka kwenye mpira wenyewe. Tiba yake ni kuosha mpira kwa sabuni na maji, kuipangusa bodi kwa spiriti, kuacha vikauke na kufunga. Sababu ya pili ni kaboni iliyolika. Hapo kuosha hakusaidii. Fundi anaweza kung'oa vidonge vizima kutoka rimoti iliyokufa na kuvigandisha kwa gundi, au kubandika kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Na ipo njia ya mkato: kusugua kidonge kwa penseli. Unga wa penseli hupitisha umeme, kwa hiyo kitufe huamka papo hapo. Lakini unga huo hufutika kwa kubonyezwa, na haupiti muda mrefu kitufe kinakufa tena.

Sasa angalia jambo hili. Wakati wa kukabidhi, rimoti iliyooshwa vizuri na rimoti iliyosuguliwa penseli zinafanya kazi sawasawa. Mteja anabonyeza, televisheni inawaka, anatoa pesa, anashukuru. Tofauti ipo ndani, na anayeijua ni fundi peke yake, na Mola wake.

Nianze na ujira, kwa sababu hapo ndipo watu hugombana. Utasikia mteja akisema, "Ssebo, si umeifuta tu? Elfu tatu ya nini?" Anadhani malipo hupimwa kwa jasho. Sheria yetu haikuweka hivyo. Wanazuoni wametofautisha ijara, ambapo unamlipa mtu kwa kazi inayojulikana, na juala, ambapo unaahidi malipo kwa matokeo: "ukiiponya, nitakupa kiasi fulani." Katika juala, matokeo yakipatikana malipo yanastahiki, hata kama kazi ilichukua dakika tano, yasipopatikana, fundi hana chake hata akikesha. Dalili mojawapo wanayoitaja ni kisa alichosimulia Abu Said al-Khudri (R.A.), kilichomo katika Sahih al-Bukhari. Mkuu wa kabila aliumwa na mdudu mwenye sumu, Sahaba mmoja akamsomea al-Fatiha, akapona, na watu wake wakawapa Masahaba kundi la kondoo waliloafikiana. Mtume (S.A.W.) alikubali malipo hayo, naye akataka atengewe fungu. Kazi ilikuwa nyepesi, malipo yakawa mengi, na yalikuwa halali.

Kwa hiyo fundi asione haya kulipwa kwa kujua mahali pa kupangusa. Wala halazimiki kumfundisha kila mteja kazi inayomlisha. Wapo wanaotaja onyo kali lililopokewa kuhusu mwenye kuficha elimu, lakini wanazuoni wengi wamelielekeza kwenye elimu ya dini ambayo muulizaji anaihitaji, si kwenye ufundi wa mtu. Siri ya ufundi ni mali yake.

Tatizo ni pale siri ya ufundi inapotumiwa kufunika hali ya kitu. Hivi ni vitu viwili tofauti, na nadhani kosa letu kubwa ni kuvichanganya. Jinsi ninavyotengeneza ni yangu. Hali ya rimoti ni ya mwenye rimoti, kwa kuwa rimoti ni yake. Kwamba kaboni imelika, kwamba nimeweka penseli, kwamba itadumu siku chache: hizo ni habari za mali yake, na kumnyima habari za mali yake ni kumnyima haki.

Fundi atajitetea: "Sikusema uongo. Hakuniuliza." Utetezi huu una nguvu kuliko unavyoonekana, kwa sababu mara nyingi ni kweli kwamba hakuulizwa. Lakini tukumbuke kisa cha muuza nafaka katika Sahih Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji ndani. Muuzaji akaeleza kwamba kilinyeshewa mvua. Mvua haikuwa kosa lake, na hatukusikia kwamba alimdanganya yeyote kwa maneno. Hata hivyo aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, na hapo ndipo Mtume alipotamka onyo lake juu ya mwenye kughushi. Ghishi ile ilikuwa mpangilio tu: kikavu juu, kibichi chini. Penseli chini ya kitufe ni mpangilio wa namna hiyo hiyo.

Vilevile katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyopokewa na al-Bukhari na Muslim, baraka ya biashara imefungwa kwa mambo mawili: wanaouziana waseme kweli, na wabainishe. Kama kusema kweli kungetosha, la pili lisingetajwa. Kubainisha ni kulitoa nje lililo ndani kabla hujaulizwa.

Na bei je? Bei zilipopanda Madina, Mtume (S.A.W.) aliombwa azipange akakataa. Kwa hiyo siwezi kumwambia fundi kwamba lazima atoze elfu mbili na si tano. Lakini Mtume huyohuyo alikataza watu kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni kujua bei, na akampa mwenye bidhaa haki ya kubatilisha akishafika. Ninavyoelewa mimi, maelewano ni huru, lakini kutojua kwa mwenzako kusiwe ndiyo mtaji wako. Tuseme Hajati mzee ameleta rimoti, kumbe betri zimewekwa kinyume. Fundi anaipeleka nyuma, anamwambia arudi kesho, anamtoza bei ya matengenezo kamili. Hajati amekubali bei, lakini amekubali kazi ambayo haikufanyika. Allah ameshurutisha kuridhiana katika biashara (an-Nisaa, 29), na kuridhia jambo ambalo halipo si kuridhia. Kibaya zaidi ni anayesema, "Hii imekufa, Hajati, nunua mpya," kwa sababu mpya anaziuza yeye. Huyo amekula mali ya mtu, na juu yake ameingiza israfu ndani ya nyumba ya mwenzake.

Mtu atauliza: basi si sheria iwabane mafundi? Hapa nina kisa ninachokipenda kutoka kwa Imam Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria, ambaye wengi wetu Uganda tunafuata madhehebu yake. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu fundi ambaye kitu cha mteja kimeharibika mikononi mwake bila uzembe: alipe au asilipe? Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (R.A.) aliwatoza mafundi fidia kwa maslahi ya watu. Mwanafunzi wa Imam Shafi, al-Rabi, ameeleza kwamba Imam aliona fundi halipi, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Tafakari uzito wake. Imam aliona haki iko upande wa fundi, lakini akahofia kwamba fundi asiye na dini ataifanya haki hiyo kichaka cha kujifichia.

Maana yake ni kwamba kuna mahali ambapo sheria haina jicho. Kadhi hawezi kufungua kila rimoti. Mahali hapo pameachiwa amana, na amana haina shahidi.

Sisi tunasomea ualimu, uhandisi, uhasibu, elimu ya wenye mahitaji maalumu. Kila fani kati ya hizo ni kifuniko ambacho wewe utajua kukifungua na mzazi au mteja hatajua. Mwalimu atajua kama somo alilofundisha limeeleweka au limesuguliwa penseli kwa ajili ya mtihani. Mhandisi atajua kilicho chini ya plasta. Anayezoea kubainisha kwenye kazi ya elfu tatu ana matumaini ya kubainisha kwenye kazi ya milioni mia tatu. Anayezoea kunyamaza kwenye ndogo sijui atajifunzia wapi kusema kwenye kubwa.

Kwa vitendo, fundi aseme mambo matatu kabla ya kupokea pesa: nilichokikuta, nilichokifanya, na kitakavyodumu. "Hajati, kaboni imelika, nimeweka penseli, haitafika mbali, ukitaka ya kudumu nitafute vidonge vingine, bei yake ni hii." Huenda akapoteza elfu mbili kwa maneno hayo. Na Hajati abaki na haki yake ya kuchagua, hata akichagua penseli.

Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana katika vidogo na vikubwa. Wallahu aalam.