Lifti Ipo, Inafanya Kazi

Nililipwa shilingi 60,000 kuandika tangazo la nyumba iliyoko ghorofa ya 11, Upanga, Dar es Salaam. Dalali alinitumia picha 22 kwa simu na kuniambia niandike Kiswahili kizuri, "si hiki chenu cha mtandaoni," kwa sababu wateja aliowalenga safari hii walikuwa watu wazima, wastaafu, wanaouza nyumba zao za Tabata na Ukonga ili wasogee karibu na mji na karibu na hospitali. Kodi ya chumba changu ilikuwa imebakiza siku tisa. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Nyumba yenyewe ni nzuri, sitaki kuidhulumu. Ina vyumba vitatu, kimoja na bafu lake. Jiko limebomolewa lote na kujengwa upya, makabati meupe yanapanda hadi darini. Sakafu ni vigae vikubwa vya rangi ya majivu, vinang'aa kiasi kwamba nilivua viatu bila kuambiwa. Sebuleni, ukuta wa mashariki umeondolewa na mahali pake pamewekwa mlango mpana wa kioo, na nje ya kioo hicho ni bahari, na meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Hakuna aliyenituma kwenda kuiona. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kuandika kitu nisichokijua, na mpaka leo naona kichekesho katika hilo, kwani kama nisingekwenda ningekuwa na kisingizio. Mlinzi aliyenifungulia alikuwa mzungumzaji. Tukiwa kwenye lifti aliniambia ile ya pili, mlango wa kushoto, haijatembea tangu aanze kazi pale, na ana miaka mitatu. Hii tuliyopanda umeme ukikatika inasimama ilipo. Jenereta lipo, ndiyo, lakini linawasha geti, taa za ngazi na pampu ya maji. Lifti halifikii.

Nikarudi chumbani nikaandika: "Lifti mbili. Jenereta. Ulinzi saa 24. Imekarabatiwa upya kwa kiwango cha juu." Mtu angenipeleka mbele ya kadhi au hakimu asingepata neno moja la uongo. Lifti ni mbili, unaweza kuzihesabu.

Kabla ya kutuma nilimpigia dalali, nikamwambia habari ya lifti. Hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu anayemfundisha mdogo wake kazi. "Msomi, wewe andika vilivyopo. Visivyopo mteja atauliza mwenyewe. Mtu mzima huyo, ana macho, ana mdomo."

Ukiliangalia vizuri, hilo ni jibu la zamani sana. Nilikuwa nimelisoma mwaka huohuo kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili ya falsafa, katika kitabu cha Cicero kuhusu wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Anauliza: mtu anauza nyumba, inaonekana njema, kumbe mbao zake zimeoza na vyumbani hujitokeza nyoka, na hakuna anayejua isipokuwa mwenyewe. Anaponyamaza, amekosea? Anawaleta Wastoa wawili wabishane, Diogenes wa Babilonia na mwanafunzi wake Antipater. Antipater anasema huyo ni sawa na anayekataa kumwonyesha njia aliyepotea, tena ni mbaya zaidi. Diogenes anamjibu kama dalali wangu. Je, alikulazimisha kununua? Watu hutangaza nyumba nzuri, imejengwa vizuri, na hawaitwi matapeli hata kama haiko hivyo, sasa iweje aliyenyamaza tu ndiye alaumiwe? Na wapi ulisikia mnadi akipaza sauti sokoni kwamba anauza nyumba mbovu?

Darasani nilimtetea Diogenes. Nilidhani nina akili sana. Nilisema sokoni kila mtu huja na maarifa yake, na kama muuzaji analazimika kumkabidhi mnunuzi kila anachokijua, basi hakuna biashara, kuna sadaka. Bado naona kuna kitu katika hoja hiyo. Sheria yetu ya mikataba, ambayo imechotwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, iko karibu naye: kunyamaza kwenyewe si udanganyifu. Ila sheria inaacha mlango wazi. Si udanganyifu isipokuwa mazingira yanakudai useme, au ukimya wako umefika mahali pa kuwa kauli.

Madrasa sikufundishwa Cicero, lakini nilifundishwa kisa cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akakuta lundo la nafaka, akatia mkono ndani na vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Nikiwa mtoto nilidhani kisa kinahusu wauza nafaka wabaya. Sasa kinachonishangaza ni kwamba yule mtu hakusema lolote. Nafaka kavu ilikuwa juu, basi. Mpangilio ndio uliosema.

Tangazo langu lilikuwa lundo la namna hiyo. Neno "jenereta" niliandika mara baada ya "lifti mbili," nikijua msomaji atayaunganisha mwenyewe.

Ingekuwa rahisi kama mwenye nyumba angekuwa mtu mbaya. Kwa nilivyoelezwa, alikuwa amechoka tu. Kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mtu wa ghorofa ya 11 anapata hati ya nyumba yake peke yake, na pamoja nayo fungu katika vitu vya wote: paa, ngazi, mabomba, lifti. Vyako unaweza kuvikarabati kesho asubuhi ukiwa na fedha. Vya wote vinahitaji kikao. Mlinzi aliniambia vikao vimefanyika. Wa ghorofa za chini husema hawapandi lifti, kwa nini wachangie. Wanaoishi nje ya nchi hawajibu ujumbe. Waliokwisha kuchanga wanauliza fedha za mwanzo zilikwenda wapi. Basi yule bwana akafanya alichoweza kukifanya bila kumwomba mtu: akanunua makabati meupe. Ukarabati ule wote unaishia kwenye kizingiti cha mlango wake. Ukivuka, unakutana na ukuta wa korido wenye rangi iliyobanduka, kisha vile vyuma viwili vya lifti, kimoja hai na kimoja mfu.

Je, ni haki yeye peke yake auze kwa hasara kwa ajili ya ubishi wa jengo zima? Sidhani. Lakini kuna kitu hakikai sawa katika kumhamishia mgeni ubishi huo bila kumwambia kwamba upo. (Vile vijengo vya zamani vya Upanga vya ghorofa tatu au nne, ambavyo tunavicheka kwa kukosa lifti, angalau vilijengwa kwa kipimo cha miguu ya binadamu. Havimdai mtu imani.)

Mama alikuja Jumamosi. Nilikuwepo kwa sababu dalali alitaka nishike funguo wakati yeye anashughulika na wateja wengine Ilala. Nilimsalimu, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku akinitazama viatu, kisha uso, kama wafanyavyo walimu. Alikuwa mwalimu mstaafu kweli. Mume wake yuko kwenye usafishaji wa damu, mara tatu kwa wiki, Muhimbili. Kutoka Ukonga wanaamka saa tisa usiku kwa ajili ya foleni. Alilitaja hilo bila kunung'unika, kama mtu anayetaja umbali.

Alizunguka nyumba yote. Alifungua bomba, akangoja, akalifunga. Bahari aliitazama mara moja tu. Kisha akaniuliza mimi, maana dalali alikuwa bado hajafika:

"Mwanangu, lifti haisumbui?"

Cicero anamaliza ubishi wake kwa kutofautisha mambo mawili. Anasema si kila unachokinyamazia umekificha. Kuficha ni kutaka wale wanaohusika wasijue unachokijua, ili wewe upate faida. Nimeipenda tofauti hiyo kwa sababu haihesabu maneno, inauliza ulikuwa unatamani nini. Na mimi nilijua hasa nilichokuwa natamani. Nilipokuwa naandika, nilitamani asije mtu wa kuuliza swali hili. Nilijua watakaosoma ni wazee, nilikuwa nimeambiwa. Kiswahili kizuri niliombwa kwa ajili yao. Mtu wa umri ule akisoma Kiswahili kisicho na makosa, kinachotaja vitu kwa majina yake, anadhani anaongea na mtu aliyelelewa. Nilikuwa nimekodisha malezi yangu kwa shilingi 60,000.

Nikamjibu: "Lifti ipo mama, inafanya kazi."

Ilikuwa kweli. Ndiyo tuliyopandia.

Alitikisa kichwa, akaniambia atashuka kwa ngazi, anyooshe miguu. Nilimfuata. Alishuka taratibu, mkono kwenye chuma cha pembeni, na nikagundua midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu vidato. Ghorofa ya saba alipumzika. Ya nne alipumzika tena, akakaa kabisa, nami nikakaa kidato cha juu yake nikiwa na funguo mkononi, na hapo nilikuwa na dakika nzima ya kusema. Hakuna aliyekuwa akitusikia. Nilianza kutunga sentensi, nikaipima, nikaona inamtaja dalali, nikaanza nyingine. Akasimama tukaendelea.

Chini tulimkuta mlinzi anakunywa chai. Mama akamsalimu, akamuuliza hali ya watoto, kisha akamuuliza kwa sauti ileile: "Umeme ukikatika hapa mnafanyaje?"

"Tunapanda ngazi mama. Kuna mzee wa ghorofa ya nane huwa tunambeba na kiti."

"Mnambeba wangapi?"

"Wanne. Watatu hatutoshi, pale kwenye kona panabana."

Dalali ndipo alipoingia getini, akimwita mama yangu, mama yangu, akiwa ameshanyoosha mikono miwili. Yule mlinzi hakubadilisha uso wala hakushusha sauti. Mshahara wake unatoka kwa wenye jengo lile, na nadhani hauifikii mara nne ile fedha niliyolipwa kwa usiku mmoja. Hakuonekana kama mtu anayefanya jambo la ujasiri. Aliulizwa akajibu.

Mama alimuuliza dalali kama hana nyumba ghorofa ya kwanza, hata kama haijakarabatiwa. Dalali akasema ghorofa ya kwanza huioni bahari. "Nimezaliwa Kilwa," mama akasema, "bahari naijua." Wakaongea bei mpaka barabarani, nikawasikia wakicheka.

Nyumba haijauzwa bado. Tangazo lipo, bei imeshushwa mara moja, na maneno ni yaleyale, hata ile koma baada ya "lifti mbili" niliyoibadilisha kuwa nukta saa saba usiku nikiamini nimesafisha dhamiri. Wiki iliyopita nilimwandikia dalali nikamwomba aongeze sentensi moja, nikamtungia mwenyewe: lifti moja ndiyo inayofanya kazi, na haijaunganishwa na jenereta. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema hana tatizo, ataongeza, ila kwanza nimrudishie 60,000 yake, kwa kuwa tangazo la namna hiyo hakulinunua.

Hiyo fedha ilikwisha kwenye kodi. Sijamjibu.