Je, Ni Halali Kumficha Mtoto Maradhi Yake?

Mwaka 2015, kabla sijaja kufundisha katika chuo cha dini huku ng'ambo, nilikuwa mhubiri katika Nyanda za Juu Kusini. Jioni moja ya baridi kali ya mwezi Julai, bibi mmoja wa Mufindi alibaki nyuma baada ya darasa la waliosilimu karibuni. Alingoja hata wenziwe wakaondoka wote. Kisha akaniambia kwamba analea mjukuu wa miaka 12, ambaye baba na mama yake wamekwisha kufariki, na kwamba kila usiku mtoto yule humeza vidonge akiambiwa ni dawa ya kifua. Havikuwa vya kifua. Vilikuwa vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ambavyo mtoto alizaliwa navyo.

"Mwanangu mwalimu," akasema, "ninyi mwatufundisha kwamba Mwislamu hasemi uongo. Na huu wangu, je?"

Nakiri sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe juma moja.

Msomaji mpenzi, swali la bibi yule si la nyumba moja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watu wazima wenye virusi hivyo ni asilimia 4.4; lakini Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, ni 12.7, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Zamani swali lenyewe halikuwako, maana mtoto hakuishi hata akafika umri wa kuuliza: bila dawa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa bila malipo, watoto hawa wamekua, wamesoma, na wengine sasa ni baba na mama. Rehema ya Mwenyezi Mungu ndiyo iliyotuletea swali hili.

Wanaoficha hawafichi kwa ubaya. Husema mtoto atavunjika moyo, au atatoboa siri shuleni na wenziwe wamtenge. Tena huleta hoja ya dini: je, Uislamu haukutuamrisha sitara, yaani kusitiri mambo ya watu? Ni kweli umeamrisha. Lakini tuangalie vema, sitara ni kumfunika mtu mbele ya wengine. Ni nani aliyepata kusikia kwamba mtu husitiriwa asijione mwenyewe? Jirani hana haki ya kujua maradhi ya mtoto, wala mwalimu wa zamu, wala shangazi mwenye maneno mengi. Mtoto anayo. Mwili ni wake.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kurani Tukufu yatuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe. Habari ya mwili wa mtoto ni amana iliyowekwa mikononi mwa mlezi wakati mwenyewe angali mdogo, kama vile mali ya yatima. Mlezi wa mali ya yatima hasemi, "Sitampa kamwe, asije akahuzunika kwa uchache wake." Huitunza, humzoeza mwenyewe kidogo kidogo, na wakati ukifika humkabidhi.

Tena tusidhani kwamba uongo kwa mtoto ni mdogo kwa sababu mtoto ni mdogo. Imepokewa katika Hadithi kwamba mama mmoja alimwita mwanawe, akimwambia aje ampe kitu. Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwako, akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akamweleza kwamba kama asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa mambo ni hivyo kwa tende, itakuwaje kwa dawa ya maisha yote?

Na wewe uliyelelewa katika Biblia, kumbuka kisa cha Nabii Ibrahimu a.s. na mwanawe. Katika Biblia ni mwana anayeuliza kondoo yuko wapi, na baba humjibu kwamba Mungu atajipatia mwenyewe. Katika Kurani Tukufu, sura ya 37, baba ndiye anayeanza kusema: amweleza mwanawe ndoto aliyoiona, kisha amtaka rai yake. Angeweza kumfunga angali usingizini. Lakini lililohusu mwili wa kijana lilisemwa na kijana, naye akapata nafasi ya kuonyesha subira. Asiyeambiwa mtihani wake atasubiri juu ya nini?

Uongo huu una madhara yake pia, nayo yaonekana kliniki. Kijana aliyeambiwa kwamba dawa ni ya kifua hufika miaka 14 au 15, akaona kifua hakimsumbui tena, akaacha dawa kwa busara yake mwenyewe. Virusi vikajizoeza na dawa ile, nayo isimfae tena. Au akafikia kuoa asijue lolote, hali akiwa na wajibu kwa mwenzi wake. Wala asijue habari njema, kwamba anayemeza dawa barabara hata virusi visionekane katika vipimo vya damu haambukizi kwa njia ya unyumba.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aambiwe, na aliye mdogo zaidi aelezwe hatua kwa hatua kadiri ya akili yake. Mwaka huo huo kilifunguliwa Mbeya kituo cha Baylor cha kutibu watoto wenye maradhi haya. Washauri wa watoto wana lugha nzuri: mwili una askari wake, yuko adui alalaye ndani, na dawa ndiyo imlazayo. Jina la adui huja baadaye. Katika maneno hayo hamna uongo hata mmoja. Mna ukweli uliopimwa kwa kipimo cha mtoto. Kungoja siku chache kwa sababu ya msiba au homa kali si kosa. Kungoja miaka hata mtoto asikie kwa mtoto mwenzake mtoni, hilo ni kosa.

Lakini niseme lile ambalo wengi hawalisemi. Mara nyingi mzazi haogopi kwamba mtoto atalia. Aogopa atauliza, "Niliyapata wapi?" Ni aibu yake mwenyewe aifichayo. Dada yangu, maradhi si hukumu. Wanawake wangapi wa nyanda hizi waliletewa na waume zao, nao hawakutoka nje ya nyumba zao? Na hata yule aliyekosea, mlango wa toba haukufungwa. Ila mtoto asibebeshwe ujinga ili mama asione haya.

Juma lilipokwisha nikamwambia bibi amweleze mjukuu wake, naye asiende peke yake, bali amwombe muuguzi wa kliniki wakae watatu.

Alirudi baada ya miezi miwili. Akasema mtoto alisikiliza hadi mwisho, asilie, kisha akasema kwamba alijua tangu darasa la nne, kwa picha zilizobandikwa ukutani mwa kliniki na kwa maneno ya wenziwe kwenye foleni. Bibi akamwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu kwamba aliona bibi hataki ajue.

Kisha akauliza jambo moja tu: kama mama yake naye alikuwa akimeza vidonge vile. Bibi akamwambia kwamba vilifika kijijini kwao mama akiwa amekwisha kuzikwa.