Kijana Mzima na Safari ya Hija: Ruhusa au Baraka?



Kila mwanzo wa mwaka tangazo husomwa katika parokia nyingi za Eastlands, tangu Jericho na Makadara hadi Dandora, Umoja na Kayole. Vijana wanaalikwa kujiandikisha kwa safari ya hija ya Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Tangazo likishasomwa, maneno huanza katika nyumba zetu. Kijana wa miaka 23 anasema, "Mimi nimejiandikisha." Baba anauliza, "Kwa ruhusa ya nani?" Mama ananyamaza, lakini keshoye anampigia kijana simu pembeni na kumwambia, "Usijali, nitakutafutia." Hapo hija imekwisha kuwa kesi. Na ukitazama vizuri, kesi yenyewe si ya baba na kijana. Ni ya baba na mama.

Basi leo tujiulize swali hili: mzazi ana haki gani juu ya mtoto ambaye sasa ni mtu mzima, lakini bado analala chini ya paa lake, anapotaka kwenda kumtafuta Mungu mbali na nyumbani?

Ni mtoto au ni mtu mzima?

Tukitazama sheria, jibu ni rahisi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamhesabu aliyetimiza miaka 18 kuwa mtu mzima. Serikali nayo inampa kitambulisho katika umri huo. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho hicho tu, bila pasipoti. Pale mpakani Busia au Malaba afisa hamwulizi kijana wenu barua ya baba.

Lakini maisha ya mitaa yetu si rahisi kama sheria. Zamani kijana wa miaka 23 alikuwa na simba yake, au msichana alikuwa ameolewa. Leo amemaliza shule, ametafuta kazi hata viatu vimeisha, anafanya kibarua cha mjengo siku tatu na kukaa bure siku nne. Usiku anatandika godoro sebuleni wengine wakishalala. Kwa umri ni mtu mzima, na kwa sahani ni mtoto.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalijua jambo hili. Inafundisha kwamba mtoto anayeishi nyumbani awatii wazazi katika yale wanayomwagiza kwa faida yake au ya familia. Akisha kujitegemea, wajibu wa kutii unakoma, lakini wajibu wa kuheshimu haukomi kamwe. Shida yetu ni kwamba vijana wetu wako katikati: hawajajitegemea, na si watoto tena. Hapo ndipo wazazi wanahitaji hekima kuliko sauti kubwa.

Chakula hakinunui dhamiri

Baadhi ya wazazi husema, "Anakula kwangu, kwa hiyo atafanya ninavyotaka." Maneno hayo yana ukweli nusu. Mwenye nyumba ana haki ya kusema mlango unafungwa saa ngapi, nani ataosha vyombo, na kila mwenye kipato achangie nini kwa kodi na unga. Hayo ni mambo ya nyumba. Lakini namna mtu mzima anavyomwendea Mungu wake ni jambo la dhamiri. Hatukumlisha miaka hii yote ili tumiliki dhamiri yake. Tulimlisha ili siku moja aweze kuitumia.

Tuwakumbuke wale wanaoheshimiwa pale Namugongo. Wakatoliki 22 waliouawa wakati wa Kabaka Mwanga, kati ya miaka 1885 na 1887, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Wengi wao walikuwa vijana wahudumu wa ikulu. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na Kizito alikuwa mvulana wa miaka kama 14. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa wa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Watu wa nyumba yake walimsihi sana ajifiche, au akubali tu kuacha kusali, apone. Alikataa. Wale waliomsihi hawakumchukia. Walimpenda, wakataka aishi. Tunajifunza kwamba hata mapenzi ya kweli ya jamaa yanaweza kumzuia mtu njiani kwa Mungu bila wao kukusudia ubaya.

Sisemi kwamba baba anayekataza safari ya basi ni kama Mukajanga. Nasema tu kwamba "nakupenda, kwa hiyo usiende" si hoja inayotosha.

Dini isiwe kisingizio

Lakini vijana nao wasishangilie mapema. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliotoa wakfu kwa Mungu mali ambayo wazazi wao waliihitaji. Walijificha nyuma ya sadaka ili wasiwasaidie baba na mama. Kwa hiyo kijana anayechukua pesa za karo ya mdogo wake kulipia basi la Namugongo hajafanya hija. Na yule anayemwacha mama mgonjwa peke yake wiki nzima, hali hakuna mwingine wa kumhudumia, aahirishe safari. Mashahidi watamngoja mwaka ujao.

Basi kipimo chetu ni hiki. Mzazi anaweza kumkumbusha kijana wajibu wake, na wajibu huo unaweza hata kuisimamisha safari. Lakini asiisimamishe kwa sababu tu hakuulizwa kwanza, au kwa sababu anapenda kuonyesha nani mkubwa.

Hofu zetu

Wazazi wana hofu, na hofu zao si za bure. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 600, na mabasi mengi husafiri usiku. Tena wavulana na wasichana watakuwa pamoja. "Je, akirudi na mimba?" mama anauliza. "Je, ni hija au ni matembezi?" baba anaongeza.

Tusijidanganye: wako wanaojiandikisha kwa sababu msichana fulani wa kwaya amejiandikisha. Lakini nani kati yetu aliyewahi kwenda kanisani kwa nia moja tu, safi kama maji ya mvua? Ndoa nyingi tunazozisifu leo zilianzia katika chama cha vijana. Nia ya kijana inaweza kuwa mbili, na njia ndefu ina uwezo wa kuzipepeta. Kulala chini, kula kidogo, kungoja foleni ya maji pamoja na watu wa mataifa mengine, kusali rozari ukiwa umechoka: mambo haya humfundisha mtu kama alikuja kwa Mungu au kwa picha.

Tumkumbuke pia Yosefu na Maria. Luka anasimulia katika sura ya 2 jinsi walivyokwenda hija Yerusalemu na mtoto wa miaka 12. Wakati wa kurudi walisafiri siku nzima wakidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa. Walimwona siku ya tatu, hekaluni. Familia Takatifu nayo ilipata hofu ya safari ya hija! Lakini tuangalie: wazazi hao walimtafuta wote wawili, wakamkuta wote wawili, na Maria aliposema juu ya uchungu wao alimtaja na baba. Hakuna aliyemlaumu mwenzake njiani kwamba, "Wewe ndiye uliyemwachilia."

Hija inayoanza na uongo

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Baba akisema hapana, na mama akatuma pesa kwa M-Pesa kwa siri, kijana ataondoka, ndiyo. Lakini ameondoka amebeba nini? Amebeba siri ya mama dhidi ya baba. Amejifunza kwamba katika ndoa mmoja akikataa, mwingine huzunguka nyuma ya nyumba. Kesho yeye naye ataoa au ataolewa, na atalitumia somo hilo. Na baba akija kugundua, kwa sababu siri za nyumba ya chumba kimoja hazikai, hatagombana na kijana aliye Namugongo. Atagombana na mama aliye jikoni. Kijana amekwenda kuomba amani huku nyuma ameacha vita.

Lawama si ya mama peke yake. Baba anayejibu "hapana" kabla hajasikia swali ndiye anayefungua ule mlango wa nyuma. Mke hutafuta njia ya siri pale njia ya wazi imefungwa kwa kelele.

Kwa hiyo, wapendwa, kijana akileta habari ya safari, msimjibu siku hiyo hiyo. Mwambieni, "Tumesikia, tutazungumza." Kisha mzungumze ninyi wawili, yeye asiwepo, na simu zizimwe. Kila mmoja aseme hofu yake bila kukatizwa. Mkikubaliana, mwambieni pamoja. Msipokubaliana, msimfanye kijana kuwa hakimu wenu. Mwendeeni paroko, katekista, au wazee wa jumuiya yenu ndogo ndogo.

Maswali ya halali kwa waandalizi

Mtu mzima hafichi mpango wake. Wazazi wana haki ya kuuliza, na waandalizi wema hufurahi kuulizwa:

1. Paroko anaijua safari hii? Nani kiongozi, na ni watu wazima gani watakaofuatana na kikundi?

2. Pesa zinawekwa wapi? Ziwe katika akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, si katika simu ya mtu mmoja. Kila anayelipa apewe risiti.

3. Kijana ameanza kuweka akiba mwenyewe? Akiweka shilingi 50 kila siku kuanzia Januari 1 hadi Mei 31, atakuwa na shilingi zisizopungua 7,500. Mzazi asilipe zote. Hija ambayo mtu hakuitolea jasho haimgusi sana.

4. Wavulana watalala wapi na wasichana wapi? Nani atakesha?

5. Basi lina madereva wawili wa kupokezana? Mtarudi siku gani?

6. Je, kikundi kimewahi kusafiri pamoja? Kikundi kipya kisianze na Namugongo. Kianze na hija ya siku moja Komarock, hapa jirani. Kisha kiende Subukia, kituo cha taifa cha Bikira Maria katika kaunti ya Nakuru, wakati wa siku ya sala ya taifa mwezi wa Oktoba. Huko mtaona nani anatoroka sala, nani anabeba mzigo wa mwenzake, na mweka hazina anarudisha chenji au la.

Kwa nini msiende nao?

Vikundi vingi vya vijana hukosa kitu kimoja: mume na mke wa kufuatana nao. Hupata padri au sista, na hao ni baraka kubwa. Lakini katika mitaa yetu wako vijana wengi waliolelewa na mama peke yake au nyanya peke yake. Hawajawahi kumwona mume akimbebea mke wake mfuko, au mke akimwachia mume wake kiti karibu na dirisha kwa sababu anasikia kichefuchefu. Hawajawahi kuona wawili wakikosana juu ya njia na kupatana kabla ya chakula. Siku nne katika basi na wanandoa wa namna hiyo ni mafundisho ya ndoa ambayo sisi makatekista hatuwezi kuyatoa ubaoni.

Tena Namugongo si ya vijana tu. Kati ya wale 22 wamo wanaume wenye wake na watoto. Andrea Kaggwa, aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, alikuwa mume. Matias Mulumba Kalemba alikuwa mume na baba. Basi nanyi mnao watakatifu wenu kule.

Ruhusa au baraka?

Ruhusa hutolewa na mwenye nguvu kwa asiye na nguvu, na mwenye nguvu anaweza kuinyang'anya. Baraka hutolewa na aliyetangulia kwa anayefuata, na ikishatolewa hairudishwi. Mtoto mdogo anahitaji ruhusa. Mtu mzima aliye chini ya paa lenu, aliyetimiza wajibu wake na kusema wazi anakokwenda, anahitaji baraka. Na baraka ya nyumba ina mikono miwili. Mkono mmoja ukibariki na mwingine ukisukuma, kijana anaondoka akiwa amejeruhiwa.

Usiku wa safari, kabla hajabeba mfuko, simameni wote wawili. Baba amwekee ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kisha mama. Mpeni majina ya kuombea: bibi mgonjwa, mdogo wake anayengoja matokeo ya mtihani, na ndoa yenu. Msiogope kumwambia aiombee ndoa yenu. Atajua kwamba yeye ni mtu mzima kweli.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kuna jambo ambalo mmoja wetu huwapa watoto kwa siri ya mwenzake? Lilianzaje?

2. Ni mambo gani katika nyumba yetu ni ya amri yetu, na yapi ni ya dhamiri ya kijana wetu?

3. Mara ya mwisho tulipombariki mtoto wetu mkubwa kwa mikono yetu ilikuwa lini?

Bikira Maria, aliyemtafuta Mwanawe njiani, awaombee.