Vyuo Viwili na Swali la Mapenzi ya Mungu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikishatangaza waliochaguliwa, makanisa yetu ya Musoma, Bunda na Butiama huletewa ombi ambalo wazee wetu hawakulijua. Wao waliomba mtoto apate shule. Sisi tunaletewa kijana aliyepata mbili. Amesoma fizikia, kemia na baiolojia, amefaulu vizuri, ameomba shahada ya fani ya baiolojia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimemchukua. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, nacho kimemchukua. Tume ya Vyuo Vikuu inamtaka athibitishe kimoja tu, na siku alizopewa ni chache. Basi anasimama mbele ya kanisa, au mama yake anasimama kwa niaba yake, na kusema: Tuombeeni, tujue mapenzi ya Mungu ni wapi.

Tunaomba, na ni vema tukiomba. Lakini inatupasa tujiulize tunaomba nini hasa. Mara nyingi nyuma ya ombi hili kuna picha ambayo hatujaitazama vizuri. Tunamwona Mungu kama mtu aliyeshika bahasha iliyofungwa kwa gundi, ndani yake limeandikwa jina la chuo kimoja, na kazi ya kijana ni kukisia. Akipatia, maisha yake yatanyooka. Akikosea, mume au mke aliyeandaliwa, kazi iliyoandaliwa na baraka zilizoandaliwa vyote vitabaki kwenye chuo kingine, naye ataishi kando ya mpango hadi kufa kwake. Kijana mwenye picha hiyo hapati usingizi. Kila ndoto anaitafsiri, kila mstari wa Biblia unaofunguka anautafutia jina la mji. Kwa nje jambo hili linafanana sana na imani. Tukilitazama kwa ndani, linamfanya Baba yetu awe msahihishaji wa mtihani anayewaficha watoto wake swali kisha anawahukumu kwa jibu.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya ndoa katika sura ya saba, alifika kwenye habari ya mjane. Mume wake akifa, yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Amtakaye! Ndoa ni jambo zito kuliko shahada ya miaka mitatu, lakini mtume hamwambii mjane afunge siku arobaini ili ajue ni mwanamume yupi aliyeandikwa. Anamwekea mpaka mmoja, na ndani ya mpaka huo anamwachia hiari yake. Tukikubali hivyo kwa mjane, hatuna sababu ya kumnyima kijana wa Bunda anayechagua kati ya maabara mbili.

Atasimama mtu aseme: Mbona mitume walipiga kura? Ni kweli, walipiga, kati ya Yusufu aitwaye Barsaba na Mathia. Lakini tusome habari yote. Kabla ya kura walikwisha kuweka sifa, kwamba awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Bwana alipochukuliwa juu, na wote wawili walikuwa nazo. Kura ilikuja mwisho, na baada ya Pentekoste hatuwaoni tena mitume wakipiga kura katika kitabu kile. Na Gideoni, ambaye ngozi yake ya kondoo imetumika vibaya kuliko ngozi yoyote duniani, alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya. Umande aliuomba kwa sababu alikuwa anaogopa. Hakuwa anatafuta habari mpya.

Je, basi, kila chaguo ni sawa na lingine, na kijana arushe shilingi? Hapana. Loti naye aliambiwa achague. Aliinua macho akaliona bonde la Yordani lina maji mengi, akachagua kwa macho, na habari ya majirani wa Sodoma hakuiuliza. Kupenda ardhi yenye maji si dhambi. Kasoro ni kwamba macho yalipewa kazi yote. Bonde letu la Yordani siku hizi ni jina la chuo. Sisi wa Mara tunapenda majina. Mtoto wa fulani yuko Mlimani, tunasema, na sauti inapanda kidogo. Wengine nao hujibu kwamba wao kwa Sokoine hawababaiki. Wakati mwingine kinachoombewa mbele ya kanisa ni jina ambalo ukoo utalitaja msibani na harusini.

Ndiyo maana historia ya vyuo hivi inafaa ijulikane hata kanisani. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Masomo ya sayansi yalianza 1965. Mwaka 1969 kilianzishwa kitivo cha kilimo Morogoro, chini ya Uluguru, na kitivo hichohicho ndicho kilichofanywa chuo kikuu kamili mwaka 1984, kikapewa jina la Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali Aprili mwaka huo. Tunashindanisha mama na binti yake.

Afadhali kijana aulize kazi. Sisi tunaishi kando ya ziwa ambalo katika miaka ya 1950 na 1960 lilipandikizwa sangara, na sangara huyo alipoongezeka, aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa hapa tu na si kwingine ulimwenguni, zilitoweka. Minofu ya sangara imejenga nyumba Musoma. Na furu waliotoweka hawatarudi, hata tukifunga na kuomba. Hilo ni somo la baiolojia na ni somo la uwakili juu ya viumbe vya Mungu, yote mawili kwa pamoja, na inafaa ajifunze mtu aliyekulia ufukweni. Kwa upande wa Bunda, Serengeti inafika karibu na ziwa, kwenye lango la Ndabaka, na mwenye shamba jirani anajua tembo anakula nini kwa usiku mmoja. Nani atasomea mambo hayo kwa ajili yetu? Dar es Salaam wanafundisha zoolojia, botania na sayansi ya samaki. Sokoine wanafundisha usimamizi wa wanyamapori na bioteknolojia, na hapohapo chuoni kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. (Aliyedhani panya ameumbwa kwa ajili ya kula mahindi tu, apite Morogoro.) Kwa hiyo hata swali la kazi halifungi mlango wa chuo kimoja. Linamfanya kijana asome orodha ya masomo, aulize waliotangulia, ahesabu mkopo wa Bodi utafika wapi na gharama ya chumba itafika wapi. Wapo wanaoona hesabu hizo ni upungufu wa kiroho. Sisi tunaona aliyempa akili Mungu hakumpa akili ya mtihani tu.

Hapa tunafika kwenye jambo linalotusumbua zaidi, na linawahusu watu wazima. Kijana akishaomba ushauri, huja mjomba na kumwambia: Bwana amenionyesha Dar es Salaam. Ukichunguza, mjomba ana nduguye Kimara atakayempokea mtoto. Huja shangazi: Nimeoteshwa Morogoro. Ukichunguza, shangazi anauogopa mji mkubwa, na hofu yake ina haki yake. Nduguye wa Kimara ni sababu nzuri. Hofu ya mji ni sababu inayosikilizika. Kwa nini zivikwe joho la unabii? Iko amri inayokataza kulitaja bure jina la Bwana, nasi tumezoea kuitumia kwa watu wanaoapa sokoni. Yule aapaye sokoni anajulikana na kila mtu kwamba anauza samaki. Anayemwambia mtoto wa miaka kumi na tisa kwamba Mungu amesema, wakati aliyesema ni yeye, anamfunga mdomo. Mtoto anaweza kumjibu mjomba. Mungu atamjibu nini?

Tunajua ng'ombe waliuzwa. Tunajua ada ya sekondari ilitoka kwa watu wengi, na kanisa lilichangia. Waliochangia wana haki ya kusema, na waseme kwa jina lao: Mimi ningependa uende mahali fulani, kwa sababu hii na hii. Maneno hayo yanapimika. Kijana anaweza kuyakubali au kuyakataa na bado akaja mezani kula na mjomba wake.

Katika mkoa wetu tunao mfano, na hatuutaji kwa ajili ya kumfanya mtu malaika. Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934 na kubatizwa Nyegina Desemba 1943 akiwa mwanafunzi wa Makerere, alipomaliza masomo hayo alikuwa na nafasi mbili za ualimu Tabora: shule ya serikali, na shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Misheni ililipa kidogo zaidi. Alikwenda misheni, na miongoni mwa masomo aliyofundisha ilikuwa baiolojia. Hakuna anayesema kwamba mwalimu aliyekwenda shule ya serikali alimwasi Mungu. Watoto wa pande zote mbili walihitaji kufundishwa. Aprili 1949 Nyerere aliondoka kwenda Uingereza. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimwanzisha na kozi fupi ya kemia na fizikia, na Oktoba mwaka huohuo akaingia kitivo cha sanaa, ambako alipata shahada yake mwaka 1952. Kama Mungu huwa na bahasha moja, basi inabidi tuseme miezi ile ya kemia ilikuwa nje ya mpango. Sisi hatuthubutu kusema hivyo.

Bado kuna neno ambalo kijana anastahili kuambiwa, kwa sababu ni la kweli. Akichagua Morogoro, Dar es Salaam haitakuwa yake. Kuna mwalimu hatakutana naye, rafiki hatampata, pengine na mwenzi wa ndoa ambaye asingekuwa yule atakayempata. Hiyo ni hasara halisi, na kuwa huru hakuiondoi. Lakini hasara si adhabu, na kijana anaweza kusikitika kwa kile alichokiacha bila kudhani kwamba amekiacha pamoja na Mungu wake.

Kwa hiyo akisimama Jumapili, tunamwombea hekima, ambayo Yakobo anasema Mungu huwapa wote kwa ukarimu wala hawakemei. Tunamwombea hofu imtoke. Nasi wenyewe tunajiombea ndimi fupi. Kisha tunapitisha kikapu kwa ajili ya nauli na godoro. Basi la Musoma kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Singida na Dodoma hufika Morogoro kwanza, na fedha tunampa yeye mkononi, akate tiketi ya kituo anachokitaka.