Nifungie Samaki

Tangu daktari aniambie sukari yangu imepanda, naagiza chakula kama mtu anayepiga hesabu. Nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo protini. Kwa hoteli zetu si kazi ngumu, maana kaunta ina kila kitu: managu, saga, kunde, mrenda, omena, ngege wa kukaanga au wa kuchemsha, na ugali unaokatwa ukiwa bado unafuka moshi. Unaonyesha kwa kidole tu, unapakuliwa.

Mwezi uliopita nilitoka Migori asubuhi, nikapitia Rongo, na saa saba nilikuwa Homa Bay kwenye hoteli moja karibu na steji. Nikaagiza ugali nusu, managu mara mbili, ngege wa kuchemsha na kipande cha avokado. Sahani ilipofika niliitazama kwa fahari, nakiri.

Mbele yangu alikaa kijana wa boda. Yeye alikuwa na ugali mzima, sukuma kidogo, na supu ya samaki aliyoongezewa bure. Nikashindwa kunyamaza.

"Kijana, ugali wote huo bila samaki?"

"Iko sawa tu, jaduong'."

Alipomaliza akamwita weita: "Nyar Karachuonyo, ile ngege kubwa nifungie." Kisha akanigeukia. "Hii ikifika kwangu ni ya watu wanne. Mimi nimeshashiba."

Aristotle, akieleza maana ya kadiri, alitumia mfano wa chakula. Ratili kumi zikiwa nyingi mno na mbili zikiwa chache, haimaanishi mkufunzi ampe kila mtu sita. Kwa Milo, bingwa wa mieleka, sita hazitoshi. Kwa anayeanza mazoezi, zimezidi. Nimeupenda mfano huo miaka mingi. Lakini hata yeye, pale, alimhesabu mlaji mmoja mmoja. Kijana wa boda alihesabu watano. Sahani yangu ilikuwa na uwiano hadi kwenye ukingo wake, basi. Yake ilifika hadi nyumbani kwake, na huko mimi sikuwa na macho ya kuona.

(Tena tusiseme ni mila. Mimi nimekulia mahali ambapo firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, na mtoto hakuthubutu hata kuiuliza.)

Sitaki kumfanya mtakatifu. Mtu anayeendesha pikipiki tangu alfajiri kwa ugali na supu, kila siku, mwili utakuja kumdai. Akianguka yeye, wale wanne watakula nini? Uwiano unaosimama kwa sababu mmoja amejinyima una kasoro mahali fulani, ila kasoro hiyo siioni kwake. Tulikuwa hatua chache kutoka ziwani. Mbuta, samaki aliyeletwa humo miaka ya 1950, minofu yake huenda viwandani na kusafirishwa nje; mifupa na kichwa hubaki, hukaangwa na kuuzwa kwetu kwa jina la mgongo wazi. Omena nayo, sehemu kubwa huishia kuwa chakula cha kuku. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na chenye ubora unaokubalika. Kwa hiyo kabla mimi na yule kijana hatujanyoosha kidole pale kaunta, mengi yalikuwa yameshaagizwa na watu wengine.

Je, nilikosea kula samaki wangu? Sidhani. Sukari ni yangu, na ningemwacha kwenye sahani asingeongeza chochote kwa wale wanne. Nilikosea kuuliza, na hasa sauti niliyoulizia, ile ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Ningeweza kumsalimu tu, nimuulize barabara ikoje, na kama angetaka kuniambia habari za kwake angeniambia.

Nilirudi Migori jioni. Mke wangu akaniuliza nimekula nini huko. Nikamhesabia yote, managu, ngege, avokado, ugali kidogo, nikijua atafurahi kwamba nafuata masharti ya daktari.

Akanitazama mikononi.

"Na sisi, hukutufungia?"