Rafiki Aliyechelewa Kilioni

Kilioni huonekana mara nyingi mtu mmoja akaaye mbali na moto. Wengine husali rozari, huimba, husimulia mema ya marehemu, yeye hunyamaza. Si kwamba hakumpenda. Walisoma pamoja, walikula sahani moja. Kisha neno likaingia kati yao, na ugonjwa ukaja kabla neno hilo halijaondolewa. Ugonjwa ulikuwa mrefu. Kila mwezi aliahidi moyoni kwamba mwezi ujao atakwenda kumtazama. Sasa kaburi limefunikwa, naye hajui kama angali na haki ya kulia.

Mkristu wa namna hiyo anaye mwenzake mbinguni, tena mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa: Gregori wa Nazianzi.

Gregori na rafiki yake Basili walizaliwa karibu mwaka 330 katika Kapadokia, nchi iliyo leo ndani ya Uturuki. Walipendana hasa huko Atene, walikokwenda kusoma. Wanafunzi wa mji ule walikuwa na desturi ya kumdhihaki kila mgeni na kumpeleka bafuni kwa makelele. Gregori, aliyetangulia kufika, aliwasihi wenzake wamwache Basili, kwa kuwa alimjua kuwa mtu wa heshima. Urafiki wao ulianzia hapo. Wakakaa pamoja, wakifuata njia mbili tu, ya kanisani na ya kwa walimu.

Mwaka 370 Basili akawa askofu wa Kaisaria. Wakati wa njaa kubwa alikuwa amewalisha maskini kwa mkono wake. Baadaye alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa na wageni, na wenye ukoma, waliokimbiwa na watu wote, yeye aliwabusu. Lakini huyo mwenye kuuguza wengine alikuwa mgonjwa mwenyewe. Ini na homa vilimtesa miaka mingi, hata barua zake zimejaa habari za kulala kitandani. Siku moja hakimu alimtisha kwamba atamrarua mwili. Basili akamjibu kwamba pengine kwa kufanya hivyo atamponya ini, lililokuwa likimla! Gregori ndiye aliyeisimulia habari hiyo.

Neno lililoingia kati yao lilitoka serikalini. Karibu mwaka 372 kaisari Valens aliigawa Kapadokia sehemu mbili, na askofu wa sehemu ya pili akakataa kumtii Basili. Basi Basili akaongeza maaskofu wa upande wake, naye Gregori akamweka Sasima. Palikuwa kijiji cha njia panda: vumbi, kelele za magari ya farasi, hapana maji wala majani. Gregori aliona kwamba rafiki amemtumia kama askari wa kulinda mpaka. Alimwandikia barua kali, wala hakukaa Sasima.

Basili alifariki tarehe 1 Januari 379, hajatimiza miaka 50. Watu walisongamana mazikoni hata wengine wakafa kwa kukanyagwa. Wayahudi na wapagani nao walilia. Gregori hakuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani, mgonjwa sana.

Ikapita kama miaka mitatu. Ndipo akaja Kaisaria, akasimama mbele ya watu wa Basili. Kwanza aliomba radhi kwa kuchelewa. Kisha akasimulia yote: Atene, njaa, wakoma, ini. Alipofika Sasima hakuruka. Alikiri kwamba alimstaajabia Basili katika mambo yote, ila hilo moja hawezi kulisifu, na kwamba miaka haijamwondolea uchungu wake. Tena akamtetea papo hapo: Basili aliuheshimu urafiki, ila alipoona ni lazima kumtanguliza Mungu.

Kilioni husemwa mara nyingi kwamba marehemu hakukosana na mtu kamwe, na majirani hutazamana. Gregori alijua kwamba sifa ya namna hiyo haimfai aliye mbele ya Mungu, aonaye yote. Alimpenda Basili mwenyewe, pamoja na Sasima.

Tena hakusema kama mtu asemaye na kaburi. Aliamini kwamba Basili yu hai, anawaombea watu wake, hata usiku katika ndoto humwonya rafiki yake akikosa. Ndiyo imani ya Kanisa juu ya ushirika wa watakatifu. Bwana Yezu mwenyewe alifika kwa Lazaro siku ya nne, akalaumiwa na dada zake, naye akalia. Basi mtu yule aliye mbali na moto na asogee. Na aende kwa padri katika kitubio, aseme neno lile lililowatenga. Na atoe sadaka ya Misa kwa jina la marehemu. Milango hiyo haikufungwa siku ya mazishi.

Mwisho wa maneno yake Gregori alimwomba Basili amtazame kutoka juu, na siku yake ikifika ampokee. Alifariki karibu mwaka 390. Tangu kalenda ya mwaka 1969 Kanisa la Kilatini huwakumbuka siku moja, tarehe 2 Januari, na padri huwataja katika sala moja: Basili kwanza, kisha Gregori.